Kuvaa Uhusika wa Zama Zilizopita: Waigizaji na Tamthilia za Kihistoria

Tamthilia ya kihistoria, kwa maana inayokusudiwa katika makala hii, ni mchezo wa jukwaani, wa runinga au wa filamu ambao matukio yake yamewekwa katika zama zilizokwisha kupita, na ambao watayarishaji wake hujitahidi kuzirejesha zama hizo kwa mavazi, nyumba, vyombo, lugha na adabu za watu wa wakati ule. Si lazima wahusika wake wawe watu waliopata kuishi, kwani Elizabeth Bennet wa Pride and Prejudice, iliyooneshwa na BBC mwaka 1995, ni zao la fikra za mwandishi Jane Austen, ilhali Malkia Elizabeth wa The Crown, iliyorushwa na Netflix kati ya mwaka 2016 na 2023, ni mtu ambaye maisha yake yalijulikana na dunia nzima. Kinachoziunganisha kazi hizi ni ule umbali wa wakati uliopo baina ya mwigizaji na mhusika wake, umbali ambao mwigizaji wa tamthilia ya maisha ya leo hana haja ya kuuvuka.

Watazamaji huzipenda kazi hizo kwa uzuri wa majumba na mavazi, lakini waigizaji wanapozungumzia kazi yao hutaja mambo mengine kabisa: mbavu zilizobanwa, mgongo usioruhusiwa kuinama, lafudhi inayopaswa kujifunzwa upya, na zaidi ya yote, swali la nani hupewa nafasi ya kuingia katika historia na kwa cheo gani. Maoni yao hayafanani, na kwa juu juu huonekana kama yanapingana. Hata hivyo, yakitazamwa kwa pamoja yanaonesha kwamba mwigizaji huzisifu zama za kale kwa kadiri zilivyompa binadamu kamili wa kuigiza, na huzilalamikia kwa kadiri zilivyompa vazi tupu, au zilivyomnyima nafasi kabisa.

Maleba na mwili

Maleba, yaani mavazi na mapambo avaayo mwigizaji ili afanane na mhusika wake, ndiyo jambo la kwanza linalotajwa, na katika maleba yote hakuna lililolalamikiwa kuliko koseti. Koseti ni vazi la kiunoni na kifuani lililotiwa fito za chuma au zilizotokana na nyangumi, ambalo hufungwa kwa kamba mgongoni ili kiuno kionekane chembamba na kifua kiinuke, na lilivaliwa na wanawake wa Ulaya kwa karne kadhaa, kwa maumbo yaliyobadilika kila kizazi. Emma Stone, aliyeigiza katika The Favourite ya mwaka 2018, alieleza kwamba baada ya majuma kadhaa ya kuvaa vazi hilo alihisi viungo vyake vya ndani vimehama mahali pake. Lily James alisema kwamba alipoigiza Cinderella, filamu iliyotoka mwaka 2015, ilimbidi ale vyakula vya majimaji kama supu siku za kazi. Na Simone Ashley, nyota wa msimu wa pili wa Bridgerton uliotoka mwaka 2022, alisimulia kwamba vazi hilo lilimsababishia maumivu makali na kuumia bega.

Wanahistoria wa mavazi hukumbusha kwamba wanawake wa zamani walizoea vazi hilo tangu ujanani, walishonewa kwa vipimo vya miili yao, walivaa nguo laini ndani yake, na kwa kawaida hawakulikaza kupita kiasi, ilhali mwigizaji wa leo hulivaa ghafla na kukaa nalo kutwa nzima chini ya taa kali. Kwa hiyo malalamiko ya waigizaji yanaeleza mazingira ya kazi yao kuliko yanavyoeleza maisha ya mabibi wa kale. Pamoja na hayo, wengi wao hukiri kwamba koseti huwafanyia kazi ambayo mazoezi peke yake yasingeifanya, kwa sababu mwili uliobanwa hauwezi kujilaza kitini, haukimbii, hauvuti pumzi ndefu, wala hauinami kuokota kitu sakafuni bila kufikiri, na hivyo mwigizaji hutambua kwa mbavu zake mwenyewe jinsi jamii ile ilivyomwekea mwanamke mipaka, hata kabla hajatamka neno lolote la mswada.

Imani hii kwamba nguo ni mwalimu ilifikishwa mbali zaidi katika ukumbi wa Shakespeare's Globe jijini London, ambao Mark Rylance aliuongoza kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Akishirikiana na mbunifu wa maleba Jenny Tiramani, Rylance aliendeleza utaratibu wa kuwavika waigizaji nguo zilizoshonwa kwa mkono, kwa vitambaa na mbinu za karne ya 16 na ya 17, huku wanaume wakiigiza nafasi za wanawake kama ilivyokuwa desturi ya wakati wa Shakespeare. Yeye mwenyewe aliigiza Olivia katika Twelfth Night akiwa ndani ya gauni zito lililofika sakafuni, akibuni mwendo wa hatua fupi fupi uliomfanya aonekane kama anateleza, na mwaka 2014 uigizaji huo ulimpatia tuzo ya Tony jijini New York, ambayo ni tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani nchini Marekani.

Adabu, mwanga na sauti

Mwili uliokwisha kuvishwa hubaki na kazi ya kujifunza adabu. Katika Downton Abbey, tamthilia ya Julian Fellowes iliyooneshwa na kituo cha ITV kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, watayarishaji walimwajiri Alastair Bruce kuwa mshauri wa historia, naye alikuwapo wakati wa kurekodi ili kuwakumbusha waigizaji wasitie mikono mifukoni, wasiegemee kiti, na wasikumbatiane ovyo, kwa kuwa watu wa tabaka la juu nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuonesha mapenzi yao kwa kugusana mbele za watu. Masharti kama hayo huweza kuonekana madogo, lakini humlazimisha mwigizaji kuyabeba kwa jicho na kwa kimya mapenzi au hasira ambayo katika tamthilia ya leo ingetolewa kwa kukumbatia au kupiga kelele. Hata mgawanyiko wa matabaka uliingia katika ratiba ya kazi, kwa sababu maonesho ya mabwana yalirekodiwa katika jumba la Highclere, mkoani Hampshire, ilhali jiko na vyumba vya watumishi vilijengwa katika studio za Ealing jijini London, hata waigizaji wa tabaka moja wakawa hawaonani mara kwa mara na wa tabaka jingine.

Mwanga nao humtawala mwigizaji. Mwongozaji Stanley Kubrick, katika Barry Lyndon ya mwaka 1975, alirekodi baadhi ya maonesho kwa mwanga wa mishumaa peke yake, akitumia lenzi maalumu iliyoweza kunasa mwanga hafifu, na kwa kuwa lenzi hiyo ilionesha kwa usahihi eneo dogo tu mbele ya kamera, waigizaji walilazimika kutulia mahali pamoja, jambo lililoifanya filamu nzima ifanane na picha za kuchorwa. Miongo minne baadaye, mwaka 2015, Wolf Hall ya BBC nayo ilirekodiwa kwa kutegemea sana mishumaa, na Rylance, aliyeigiza Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, akajenga uhusika wa mtu msikivu, mwenye maneno machache, anayesimama nusu kivulini.

Kuhusu sauti, ugumu mkubwa ni kwamba watu wengi wa kale hawakuacha rekodi yoyote ya usemi wao. Daniel Day-Lewis, alipojiandaa kuigiza Rais Abraham Lincoln katika filamu iliyotoka mwaka 2012, aliomba muda wa takriban mwaka mzima wa kusoma na kutafakari, kisha akachagua sauti nyembamba na ya juu, tofauti na sauti nzito ambayo Wamarekani walizoea kumsikia nayo Lincoln kwenye filamu, kwa sababu watu waliomsikia rais huyo akihutubia waliandika kwamba ndivyo alivyosikika. Aliendelea kuitumia sauti hiyo hata kamera zilipozimwa, na uigizaji huo ukampatia tuzo ya Oscar. Claire Foy alikabiliwa na ugumu wa namna nyingine kabisa alipoigiza Malkia Elizabeth kijana katika The Crown, kwani sauti ya malkia huyo ipo katika rekodi nyingi na kila mtazamaji angeweza kulinganisha. Hapo mwigizaji hana budi kutembea kwenye njia nyembamba iliyopo baina ya kuiga, ambako huleta kichekesho, na kubuni, ambako huleta lawama.

Kazi ya kweli au pambo?

Si waigizaji wote wanaoridhika na malipo ya jasho hilo. Maggie Smith, aliyefariki dunia mwaka 2024, alishinda tuzo tatu za Emmy kwa uhusika wake wa bibi mkubwa wa Downton Abbey, lakini mwaka 2019 alieleza wazi kwamba, ingawa alishukuru kwa kupata kazi hiyo, haikumridhisha kisanaa, na kwamba hakujiona kama alikuwa akiigiza hasa. Kauli hiyo, kutoka kwa mwigizaji aliyekulia jukwaani na kucheza nafasi kubwa za Shakespeare, ina uzito wake, kwa kuwa inaonesha kwamba kipindi chenye sifa kubwa kwa watazamaji kinaweza kumwachia mwigizaji kazi ndogo ya kutoa maneno makali yenye kuchekesha na kubaki ameketi akiwa amevaa kofia ya manyoya. Mwenzake katika tamthilia hiyo, Dan Stevens, aliondoka baada ya msimu wa tatu ili atafute nafasi za aina tofauti, ingawa mhusika wake ndiye aliyekuwa kiini cha hadithi ya mapenzi.

Hofu iliyo nyuma ya maamuzi kama hayo ni kufungiwa katika uhusika wa aina moja, yaani hali ya waongozaji na watazamaji kumzoea mwigizaji katika umbo fulani hata wasikubali kumwona katika jingine. Helena Bonham Carter alianza na A Room with a View mwaka 1985, akaendelea na filamu kadhaa za mabibi wa Kiingereza wa enzi za kale, na jina lake likahusishwa na koseti kwa takriban miaka kumi na tano, mpaka Fight Club ya mwaka 1999 ilipomwonesha katika sura tofauti kabisa. Colin Firth naye, baada ya kuigiza Bwana Darcy katika Pride and Prejudice ya mwaka 1995, alifuatwa na jina hilo kiasi kwamba mwaka 2001 alipewa nafasi ya mwanamume wa kisasa aitwaye Mark Darcy katika Bridget Jones's Diary, ambayo ni filamu iliyoutania kwa makusudi umaarufu wake wa awali.

Upande wa pili wa mjadala unawakilishwa vizuri na Keira Knightley, ambaye ameigiza katika Pride & Prejudice ya mwaka 2005, Atonement, The Duchess na Anna Karenina. Mwaka 2018 alieleza kwamba huzikwepa filamu nyingi za maisha ya leo kwa sababu wanawake ndani yake mara nyingi hubakwa au hudhalilishwa, ilhali hadithi za kihistoria zilimletea wanawake wenye akili, ukaidi na maamuzi yao wenyewe. Maoni hayo yanaweza kumshangaza msomaji, kwa kuwa zama hizo zilimnyima mwanamke haki nyingi za kisheria, lakini mantiki yake ni kwamba mwandishi anayemweka mwanamke mbele ya kizuizi kilicho wazi, kama vile sheria ya urithi au ndoa ya kulazimishwa, humpa mwigizaji pambano la kweli la kuigiza.

Nani ana nafasi katika historia?

Hata hivyo, Knightley alizungumza akiwa mtu ambaye tayari yumo ndani ya nyumba. Kwa waigizaji weusi wa Uingereza, swali lililotangulia lilikuwa kama wangeruhusiwa kuingia. David Oyelowo, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kuigiza mfalme wa Uingereza katika tamthilia ya Shakespeare kwenye kampuni ya Royal Shakespeare, alilalamika mwaka 2013 kwamba tamthilia za kihistoria za nchi yake hazikuwaonesha watu weusi, japokuwa wameishi huko kwa mamia ya miaka, na kwamba alipopeleka wazo la hadithi yenye mhusika mkuu mweusi aliambiwa watazamaji wamezoea hadithi za waandishi Austen na Dickens. Miaka minne baadaye Thandiwe Newton, ambaye mama yake ni Mzimbabwe, alisema kwamba hamu kubwa ya Waingereza ya hadithi za familia ya kifalme na za zamani ilimwachia kazi chache nyumbani, na ndiyo maana alizitafuta Marekani.

Majibu mawili yametolewa kwa malalamiko hayo. La kwanza ni kuichimbua historia yenyewe, kama alivyofanya mwongozaji Amma Asante katika Belle ya mwaka 2013, ambamo Gugu Mbatha-Raw aliigiza Dido Elizabeth Belle, binti wa mwanamke mtumwa wa Kiafrika na afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyelelewa katika karne ya 18 kwenye nyumba ya Kenwood na Lord Mansfield, jaji mkuu wa Uingereza. La pili ni kuibuni historia upya, kama ilivyofanya Bridgerton tangu Desemba 2020, kwa kuwaza ufalme ambao ndoa ya mfalme na malkia mweusi iliwafungulia watu weusi vyeo vya ukabaila. Regé-Jean Page, aliyelelewa kwa miaka kadhaa nchini Zimbabwe, ni mfano wa umbali uliopo baina ya njia za kuiendea historia, kwani mwaka 2016 aliigiza mtumwa katika toleo jipya la Roots, na miaka minne baadaye akawa kabaila tajiri katika Bridgerton. Njia ya kwanza ina nguvu ya ushahidi, ya pili ina uhuru na furaha. Lakini ya pili hubeba hatari ya kuwafanya watazamaji wasahau kwamba utajiri mwingi wa majumba yale ulitokana na mashamba ya watumwa.

Kuigiza maumivu ya mababu

Kuigiza utumwa ni kazi ya pekee ndani ya uwanja huu. Roots ya kwanza ilirushwa na kituo cha ABC nchini Marekani kwa usiku nane mfululizo mwezi Januari 1977, na aliyemwigiza Kunta Kinte kijana, LeVar Burton, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Cicely Tyson, aliyeigiza mama wa Kunta Kinte, alikuwa amekwisha kujiwekea msimamo wa kukataa nafasi zilizowadunisha watu weusi, msimamo ambao ulimgharimu kazi nyingi, lakini haukumzuia kuigiza wanawake maskini na waliowahi kuwa watumwa, kwa kuwa aliupima uhusika kwa utu uliomo ndani yake na hakuupima kwa cheo.

Lupita Nyong'o, Mkenya aliyehitimu masomo ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012, alipewa kipimo kama hicho mapema mno. Katika 12 Years a Slave ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Steve McQueen kutokana na kitabu cha Solomon Northup cha mwaka 1853, aliigiza Patsey, mwanamke aliyeishi kweli katika shamba la pamba huko Louisiana, na aliposhinda tuzo ya Oscar mwaka 2014 alikiri mbele ya hadhara kwamba furaha yake ilitokana na mateso ya mtu mwingine. Kauli hiyo ina somo la maadili ya kazi: mhusika wa kubuniwa hamdai mwigizaji chochote, lakini mtu aliyeishi na kuteswa humwachia deni la ukweli. Miaka zaidi ya kumi baadaye Nyong'o alieleza kwamba baada ya tuzo hiyo alianza kuletewa nafasi nyingine za mtumwa, na kwamba alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kuendeleza picha moja tu ya Mwafrika.

Zama za kale katika Kiswahili

Maswali haya si mageni kwa sanaa ya Afrika Mashariki. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa nakala ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyeuawa na Wajerumani. Tahadhari hiyo humpa mwigizaji uhuru wa kuutafuta moyo wa kiongozi anayeona neno lake likimponyoka na kuwa na nguvu kuliko yeye, bila kulazimika kubuni sauti na sura ya mtu ambaye hakuacha rekodi.

Katika filamu, mfano ulio karibu ni Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo inaonesha Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Waingereza. Gudrun Columbus Mwanyika aliigiza Denge, mpigania uhuru. Ikhlas Gafur Vora aliigiza Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa asiyoitaka. Na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu, aliigiza Mwajuma. Zama hizo zina ugumu wake, kwa kuwa wapo wazee walioziishi, wanaojua buibui lilivyofungwa, salamu zilivyotolewa na mtu wa Ng'ambo alivyozungumza na mtu wa Mji Mkongwe, pande mbili za mji wa Zanzibar, na mbele ya macho ya mashahidi kama hao mwigizaji hawezi kujificha nyuma ya uzuri wa maleba.

Kazi za namna hii ni chache kwa Kiswahili, na sababu kubwa ni gharama: nyumba na nguo za leo zipo tayari, ilhali za jana hutafutwa, hushonwa na kujengwa, na nyaya za umeme na madishi ya televisheni hayana budi kuondolewa mbele ya kamera. Lakini ushuhuda wa waigizaji uliojadiliwa hapa unaonesha kwamba fedha za maleba haziokoi tamthilia isiyo na binadamu ndani yake. Watayarishaji wa Tanzania na Kenya wanaotaka kuirudia Maji Maji, biashara ya misafara au miaka ya kudai uhuru wanapaswa kuwapa waigizaji wao mambo matatu kabla ya kamera kuwashwa: muda wa kutosha wa kuizoea mikao na mienendo ya zama hizo, nafasi ya kuketi na wazee wanaozikumbuka, na mswada unaompa mtumwa, mpagazi na mke wa nyumbani akili na maamuzi sawa na anayopewa sultani.